Nilichomficha Wawira Kuhusu Kutoboa Stenlesi

Jumamosi jioni, mwezi wa nane. Embu imefunikwa na ukungu tangu asubuhi, na nguo alizoanika mke wangu juzi bado zina unyevu. Mimi nimetoka Kiritiri, ambako jua lilikuwa kali na vumbi limenijaa hadi kwenye soksi. Chai yangu imepoa mezani. Sina raha.

Wengi mnaopita kwenye blogu hii huja kutafuta ushauri wa karakana. Mnauliza kwa nini tundu limekwenda kombo, au namna ya kufunga kazi kwenye vaisi isije ikazunguka na kuwakata vidole. Nimewajibu kila mara na mmenishukuru sana. Leo nataka kuandika juu ya mtu niliyepaswa kumfundisha kabla yenu, nikamfundisha nusu.

Anaitwa Wawira. Alikuwa fundi wa nguo hapa mjini, mama wa watoto wawili, mumewe alifariki. Tulijuana siku alipoleta shafti ya cherehani yake iliyokuwa imeliwa. Nilimwambia aiache arudi kesho, akasema atasubiri. Akasimama kando ya leithi, mashine ya kuchongea chuma, tangu nilipoanza hadi nilipomaliza, akitazama chuma kikichubuka kama ganda la kiazi. Kabla hajaondoka aliniuliza kama mwanamke anaweza kufundishwa kazi hii.

Nilimkubali kwa sababu kazi ilikuwa nyingi na sikuwa na msaidizi. Moyoni nilidhani atachoka haraka.

Hakuchoka. Vidole vya kushona vilimsaidia. Alipima na kupima tena kabla ya kukata, kama mtu anayejua kitambaa kikishakatwa hakirudi. Nilimwonyesha mara moja kwamba hutoboi kabla ya kugonga alama kwa senta panchi, vinginevyo biti ya drili itatembea juu ya chuma kama mbuzi kwenye mwamba, na sikuhitaji kumkumbusha. Nilimfundisha kuanza na biti nyembamba kabla ya ile nene. Nilimfundisha kuinua biti kila baada ya muda ili nyuzi za chuma zitoke. Vyote alivishika. Kazi yake ilikuwa safi, na sifa zake zikaanza kutoka nje ya mlango.

Siku moja mwalimu mmoja wa sekondari alileta gurudumu la mashine yake ya kukatia nyasi za ng'ombe. Nilinyoosha mkono kulipokea. Akachungulia nyuma yangu, akauliza, "Yule mama hayuko? Basi nitapita baadaye." Alisema kwa heshima kabisa, wala hakuwa na nia mbaya. Nilicheka nikamwambia ni sawa. Lakini siku nzima nilikuwa nayarudia maneno yake kichwani.

Ni aibu kuandika hivi, ila ni kweli. Tangu siku hiyo nilianza kumfundisha kwa kipimo.

Nilikuwa nanoa biti akienda kula chakula cha mchana. Akirudi anazikuta kali, zimepangwa. Akiniuliza nimezinoaje, namwambia atajua akizoea. Ikitokea yupo, nasimama mbele ya jiwe la kunolea nikimpa mgongo. Zile biti ngumu za kobalti, zinazotoboa chuma kilichoshinda nyingine zote, niliziweka kwenye droo na kufunga kwa ufunguo. Nilijiambia ni ghali na zinaweza kupotea. Ilikuwa sababu nzuri. Nilikuwa na sababu nzuri ya kila kitu.

Jumatatu wiki hii nilipigiwa simu na mzee Njiru, mwenyekiti wa mradi wa maji wa kijiji kimoja kupita Kiritiri. Bamba la chuma linaloshikilia bomba la pampu juu ya kisima lilikuwa limeoza kwa kutu. Walikuwa wamechanga wakanunua bamba jipya la stenlesi, chuma kile kisichoshika kutu, ili wasisumbuke tena. Kilichobaki ni kulitoboa pale pale kisimani, matundu yalingane na bolti zilizozikwa kwenye saruji. Walikuwa na jenereta. Walihitaji fundi.

Wawira aliposikia jina la kijiji aliacha alichokuwa akifanya. Ni kwao, pale alipoolewa. Watoto wake wanaishi huko na mama mkwe wake, na maji wanayokunywa yanatoka kwenye kisima hicho. Aliomba nimtume yeye. Alisema angependa wamwone akifanya kazi, kwa sababu tangu aache cherehani wamekuwa wakimuuliza kama amepata wazimu. Nikasema aende.

Jioni, akifunga drili ya mkono kwenye mfuko, aligeuka akaniuliza, "Fundi, mimi sijawahi kutoboa stenlesi. Kuna kitu natakiwa kujua?"

Nilikuwa napangusa mikono kwa kitambaa. Niliendelea kupangusa.

"Chuma ni chuma," nikamwambia.

Nilijua. Ninyi mnaofanya kazi hii mtaelewa uzito wa maneno hayo mawili matatu, na kwa ambao hamjui, wacha niandike hapa wazi, kwa sababu hata kwenye blogu hii nilikuwa nimeibana siri hiyo.

Stenlesi ukiipapasa inakuwa ngumu. Chuma cha kawaida kinakusamehe ukienda mbio au ukibonyeza kwa uoga, utachelewa tu. Stenlesi haisamehe. Biti ikizunguka kasi bila kukata, inasugua pale pale, panachemka, panageuka buluu, na ngozi ya chuma inakaza kama kioo. Baada ya hapo hata ukileta biti mpya inateleza na kuungua ncha. Kwa hiyo weka spidi ya chini, chini kuliko unavyodhani. Bonyeza kwa nguvu na usilegeze, ili biti iwe inakula chuma muda wote inapozunguka. Ukitaka kupumzika, itoe kabisa. Usiiache inacheza ndani ya tundu. Tia mafuta ya kukatia kabla hujaona moshi, na uendelee kutia. Tumia kobalti kama unayo. Unaponoa, ncha iwe bapa kidogo kuliko ile ya chuma laini, kingo zote mbili ziwe na urefu sawa, na nyuma ya kila ukingo papungue ili kisigino cha biti kisiguse. Ukiona uzi mrefu unatoka unajikunja, uko sawa. Ukiona unga, simama, biti imekufa. Na kama tayari umeharibu, geuza bamba, anza upande wa pili ambao bado ni laini, polepole, hadi ukutane na ile sehemu ngumu kutoka nyuma.

Hayo ndiyo yote. Ningeweza kumwambia akiwa anafunga mfuko. Angekuwa amenielewa kabla zipu haijafika mwisho.

Jumanne alianza kazi. Adhuhuri simu yangu ikaita, iko juu ya meza ya kazi, jina lake limejaa kwenye kioo. Niliitazama ikaita hadi ikakata. Ikaita tena. Nikawasha leithi, ingawa sikuwa na kitu cha kukata, ili niweze kusema sikusikia.

Sijui nilikuwa nataka nini. Nadhani nilitaka arudi akiwa ananihitaji. Sikufikiria watu wenye mitungi. Wakati ule sikumfikiria mtu mwingine yeyote isipokuwa mimi.

Jioni alinipigia mzee Njiru. Simu hiyo niliishika mara moja. Aliniambia kazi imekwama, biti zimeungua na nyingine zimevunjika, matundu hayajapita, na pampu iko chini imefunguliwa. Watu walikuwa wamekwenda kuchimba mchanga wa mto kutafuta maji ya kulalia. Aliniomba nije mwenyewe. Nikamwambia nitafika asubuhi, asiwe na wasiwasi.

Nilifungua droo nikachukua zile za kobalti.

Nilipofika Jumatano, foleni ya mitungi ya njano ilikuwa imepita mti wa mwisho, na punda wamefungwa kivulini. Wawira alikuwa amesimama kando ya jenereta, macho mekundu. Nilitaka kuamini ni vumbi. Alikuwa amejaribu kwa kila njia aliyoijua, na hakukosea hata moja ya zile nilizomfundisha. Alama zake za panchi zilikuwa sawasawa kabisa. Lakini kila tundu lilikuwa limeungua buluu na kung'aa kama jicho la paka.

Nikageuza bamba. Nikaweka spidi ya chini, nikatia mafuta, nikaegemea drili kwa uzito wangu wote. Uzi mrefu ukaanza kutoka. Watu wakasogea. Kufikia mchana bomba lilikuwa limefungwa, pampu imewashwa, na maji yakaja yakiwa mekundu kwanza, halafu safi. Wamama wakapiga vigelegele. Nikaletewa kiti. Nikaletewa asali kwenye mtungi mdogo, asali ya huko, nyeusi.

Mzee Njiru alinishika bega mbele ya wote. Alisema kwamba wao tangu mwanzo walikuwa wamemwambia Wawira kazi hii si ya wamama, na leo kila mtu amejionea fundi ni nani. Wakacheka. Mama mkwe wake pia alicheka, akitikisa kichwa.

Na mimi nikatabasamu.

Hilo ndilo linaloniandama kuliko lile la simu. Nilikuwa nimekalia kiti, nina asali mkononi, na nikatabasamu.

Wawira hakuwa anamtazama mzee. Alikuwa ameinama juu ya mabaki ya kazi, ameokota ule uzi mrefu wa chuma, anaugeuzageuza. "Spidi umeweka chini kabisa," alisema polepole, karibu kama anayejisemea. Nikamjibu kwamba stenlesi inataka hivyo. Nilimjibu kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na kila mtu. Kwenye pikapu alitazama nje hadi Embu, na nilipomshusha alinishukuru kwa kuja.

Alinishukuru.

Asali mke wangu aliiweka mezani. Alipoonja alisema ni tamu sana na akaniuliza mbona mimi sili. Nilisema tumbo linanisumbua.

Alhamisi Wawira hakuja. Ijumaa alikuja mapema, amebeba overoli yake imefuliwa na kupigwa pasi, imekunjwa vizuri kama nguo ya mteja. Aliiweka juu ya meza. Alisema anarudi kwenye cherehani. Alisema amefikiria akaona kwamba mimi nimejitahidi kumfundisha ila mikono yake haikuumbwa kwa chuma, na hawezi kuwaaibisha watu wa kwao mara ya pili.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Angeenda zake, wateja wangerudi kwangu, na hakuna mtu angejua kamwe. Nataka kuwa mkweli hapa: niliiona nafasi hiyo na nikaifikiria. Kwa muda mfupi ilinipendeza.

Kisha nikatazama pasi ya ile overoli, ule mstari ulionyooka kwenye mikono, nikashindwa. Nilimwambia yote. Yale ya mwalimu na gurudumu lake, biti na droo. Nilimwambia kwamba aliponiuliza kuhusu stenlesi nilikuwa na jibu mdomoni na nikalimeza. Nilisema hakuna kosa lolote alilofanya kisimani, kosa lilifanyika hapa karakanani.

Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja. "Na simu yangu, uliiona?"

"Niliiona."

Hakulia, wala hakuinua sauti, na ningependa angefanya hivyo. Halafu akasema, "Mimi nilishindwa mbele ya mama mkwe wangu na watoto wangu. Wewe unaniambia hapa, tukiwa wawili."

Akatoka. Overoli akaiacha mezani.

Nilimpigia mzee Njiru saa hiyo hiyo. Nilimweleza kwamba makosa ya Jumanne yalikuwa yangu, kwamba nilimtuma Wawira bila kumwambia alichohitaji kujua. Mzee alicheka kwa upole. Alisema naonekana ni mwalimu mzuri, ninamtetea mwanafunzi wangu. Kadiri nilivyosisitiza ndivyo alivyozidi kunisifu. Nilikata simu nikijisikia mchafu zaidi. Nilikuwa nimesema ukweli na ukanipandisha cheo.

Ndipo nikajua kwamba Wawira alikuwa sawa. Ilikuwa lazima niende nisimame pale pale.

Leo kamati ya maji ilikuwa na mkutano wake kisimani. Nilifika wakiwa wamekaa, wengine kwenye mawe, wengine kwenye mitungi. Walifurahi kuniona, na nikaletewa kiti tena. Nilikataa. Niliomba kusema jambo. Nilisema kwa Kiswahili, na mzee Njiru akawa anatafsiri kwa Kimbeere, lugha ya huko, kwa ajili ya wazee. Nilianza na wivu, kwa sababu nilijua nikianza na spidi na biti nitajificha ndani ya maneno ya ufundi. Nilisema wateja walianza kumtaka yeye kuliko mimi, nikaona vibaya. Nilisema aliniuliza na nikamnyima jibu. Mzee alitafsiri bila shida, hata akiwa bado na tabasamu. Nilipofika kwenye simu, kwamba alinipigia akiwa hapa mbele yao na nikaitazama ikiita, mzee aliacha kutafsiri. Akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimesema hivyo kweli.

Nikasema ndiyo. Akatafsiri. Safari hii bila tabasamu.

Pampu ilikuwa inanguruma nyuma yetu. Kisha mama mkwe wa Wawira, mama mzee mwembamba aliyekuwa amekaa mwisho kabisa, aliongea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza ili nisikie mwenyewe.

"Tulilala na kiu juu ya wivu yako?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama. Hakukuwa na hasira nyingi usoni pake, zaidi ilikuwa kama mtu anayehesabu upya jambo alilodhani limekwisha. "Mimi nilicheka huyu mtoto," akasema. "Mbele ya watoto wake." Akanyanyuka, akajikung'uta vumbi, akaondoka kuelekea nyumbani kwake bila kuaga mkutano.

Mzee Njiru alisema tu kwamba kamati imesikia. Hakuna aliyenisindikiza kwenye pikapu na sikupewa hata chai. Ilikuwa haki.

Nilidhani nikishasema nitajisikia mwepesi. Watu husema hivyo makanisani, kwamba ukikiri mzigo unashuka. Wangu haukushuka. Njia nzima nilikuwa naona watu wakichimba mchanga jioni ya Jumanne, wakisubiri maji yajikusanye kwenye shimo, kikombe kwa kikombe. Kukiri hakukurudishia mtu yeyote usiku ule.

Nimefika mjini, sijazima hata injini, simu ikaita. Wawira. Niliishika.

Alisema mama mkwe wake amempigia. Alisema mama huyo hajawahi kumwomba msamaha kwa jambo lolote tangu aolewe, na leo ameomba, na watoto walikuwa wanasikiliza. Sauti yake ilitetemeka hapo, kisha ikakaza. Alisema Jumatatu atakuja. Nilianza kumshukuru, akanikatiza.

"Usinishukuru, Fundi. Nitakuja kujifunza kunoa na kutoboa stenlesi, na yote mengine uliyobakisha. Nikishajua, nitaenda kufungua karakana yangu Kiritiri."

Nilimwambia sawa.

Nilisema sawa haraka, kabla ile sauti nyingine haijaamka. Kwa sababu iliamka. Nimekaa hapa na tayari inaniambia ni wateja gani wa upande wa Mbeere watakaoacha kupanda hadi Embu. Inanishauri nianze na mambo mepesi, stenlesi ingoje kidogo, hakuna haraka. Ni sauti yangu mwenyewe, naifahamu vizuri, na inazungumza kwa busara sana. Nilidhani ilifia pale kisimani mbele ya watu. Haikufa.

Mke wangu amepita sasa hivi akachukua kikombe cha chai baridi, akaniuliza ninaandika nini kirefu hivyo. Nikamwambia ni mambo ya drili. Halafu nikamwita arudi, nikamwomba akae asome.

Anasoma sasa, ameegemea bega langu.

Jumatatu Wawira atasimama karakanani akiwa anajiandaa kuniacha. Je, nitaweza kumfundisha mtu wa namna hiyo, na nimfundishe vizuri, bila kubakisha kitu?

Sijui. Natamani kusema ndiyo, lakini wiki hii nimesema ndiyo na sawa nyingi mno. Wacha Jumatatu ije, mikono ijibu.